Jodari wa Bahari ya Hindi: samaki yule yule, hukumu mbili

Mwishoni mwa 2015 kamati ya kisayansi ya Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, ilitoa tathmini iliyowaacha wanunuzi njia panda: jodari wa mapezi ya njano (Thunnus albacares) ameshavuliwa kupita kiasi, na uvuvi wake bado unapita kiasi. Desemba 2024 kamati hiyo hiyo, kwa tathmini mpya, ikasema hali hizo mbili hazipo tena. Katika miaka iliyopita kati ya taarifa hizo, baadhi ya wauzaji wakubwa wa Ulaya walitangaza kupunguza au kuacha kumnunua samaki huyu, na miongozo ya walaji ikamweka kwenye kundi la kuepukwa. Wavuvi wa mshipi wa mkono, wanaokamata jodari mmoja mmoja tena aliyekwisha komaa, wakajikuta wamewekwa kapu moja na meli za mita 80 na zaidi.

Tunakichambua kisa hiki kutoka upande wa mnunuzi: mwenye hoteli, msimamizi wa jiko kubwa, mwenye duka, au mtu aliyeshika kopo mkononi akisoma maandishi yake. Hukumu ya jumla juu ya samaki, awe mwekundu au wa kijani katika mwongozo, ni kipimo dhaifu cha ununuzi. Hubadilika kila tathmini inapotoka, na haimtofautishi aliyevua vizuri na aliyevua vibaya. Vitu vinne vinasimama imara zaidi: aina kamili ya samaki, bahari aliyotoka, zana iliyomvua, na ukubwa wake siku alipovuliwa.

Ukubwa wa samaki ndio ufunguo

Jodari wa mapezi ya njano hukua haraka, lakini hazai akiwa mdogo. Wengi hufikia umri wa kutaga wakiwa na urefu wa karibu mita 1, ambapo mwili una uzito wa kilo 20 hivi. Akiwa na sentimita 50 ana kilo mbili na nusu hadi tatu tu. Tani moja ya hao wadogo ni samaki takriban 370, ambao karibu wote hawajawahi kutaga. Tani moja ya wale wa mita 1 ni samaki wasiozidi 50. Bila shaka si wadogo wote 370 wangefika ukubwani, maana wengi wangeliwa na wakubwa wao au kufa kwa sababu nyingine. Hata hivyo kila mmoja aliyesalia angeongeza uzito mara saba au nane na kutaga kabla ya kukutana na ndoana.

Sehewa (Katsuwonus pelamis), yule mwenye mistari myeusi tumboni ambaye ndiye hujaza makopo mengi duniani, ana tabia tofauti kabisa. Hukomaa akiwa na sentimita 40 na kidogo, na hutaga karibu mwaka mzima katika maji ya joto. Anastahimili uvuvi ambao ungemmaliza mwenzake. Shida ya Bahari ya Hindi inaanzia hapa: sehewa mkubwa na jodari mchanga wana urefu unaolingana, huogelea pamoja, na wavu mmoja huwachota wote.

Yuko pia wa tatu, jodari wa macho makubwa (Thunnus obesus). Akiwa mchanga na ameshagandishwa, hata mchambuaji mzoefu wa kiwandani humchanganya na yule wa mapezi ya njano. Njia ya kuaminika kwa samaki mzima ni kutazama ini: la macho makubwa lina michirizi kwenye uso wake, la mapezi ya njano ni laini na sehemu yake ya kulia ni ndefu kuliko nyingine. Samaki akishakuwa minofu, njia hiyo haipo. Jambo hili tutalihitaji mbele, kwa sababu tathmini ya 2022 ilimweka wa macho makubwa katika hali ya kuvuliwa kupita kiasi, na habari njema za 2024 hazikumhusu.

Chelezo kinavyofanya kazi

Samaki wa maji ya kina hupenda kukusanyika chini ya kitu kinachoelea. Wavuvi wanalijua hilo tangu zamani, iwe ni gogo, mwani au mzoga wa nyangumi. Meli za kisasa zimeligeuza kuwa mtambo. Chelezo ni fremu ya mianzi au chuma yenye maboya, na chini yake inaning'inia mikia ya kamba inayoshuka makumi ya mita. Juu yake kuna boya lenye paneli ya jua, kifaa cha kutuma mahali kilipo kupitia setilaiti, na kipima-sauti kinachokadiria wingi wa samaki walio chini. Nahodha hatafuti tena samaki. Anaangalia skrini, anachagua chelezo chenye mzigo, anakifuata kabla ya alfajiri, na kukizungushia wavu wenye urefu wa kilomita moja na nusu au zaidi na kina cha mita 200 na ushei. Waya uliopita kwenye pete za chini unavutwa, wavu unafumba kama mfuko, na vyote vilivyokuwa chini ya chelezo vimo ndani.

Ndani mna nini? Kwa uzito, sehemu kubwa ni sehewa. Kinachobaki ni jodari wachanga wa mapezi ya njano na wa macho makubwa, pamoja na papa, panje na samaki wengine wasiotafutwa. Meli hiyo hiyo ikizungushia kundi huru, yaani jodari wanaokimbiza dagaa juu ya maji bila chelezo, hupata zaidi jodari wakubwa wa mapezi ya njano na mchanganyiko ni mdogo. Zana ni moja, matokeo ni mawili. Kwa hiyo neno "nyavu za kuzungushia" kwenye karatasi halijamwambia mnunuzi kitu mpaka aongezewe kama ilikuwa kwenye chelezo au kundi huru.

Chelezo huua hata kisipovuliwa. Zamani mikia yake ilitengenezwa kwa nyavu chakavu, na papa wachanga walinasa humo bila mtu kuwaona. Utafiti wa mwaka 2013 ulikadiria kwamba papa 480,000 hadi 960,000 wa aina ya Carcharhinus falciformis walikuwa wakifa kwa njia hiyo kila mwaka katika Bahari ya Hindi pekee. IOTC imeshakataza nyavu katika vyelezo tangu 2020. Lakini vyelezo vinavyopotea bado hukwama kwenye matumbawe na fukwe za visiwa, na gharama ya kuviondoa huwaangukia wenyeji.

Mpango wa 2016 na mahali ulipovuja

Baada ya tathmini ya 2015, IOTC ilipitisha mpango wa muda wa kumrejesha jodari, ulioanza kutumika Januari 2017. Nchi ambayo meli zake za nyavu za kuzungushia zilipata zaidi ya tani 5,000 za mapezi ya njano mwaka 2014 ilitakiwa kupunguza kwa asilimia 15. Wenye jarife, yaani wavu unaoning'inia majini usiku kucha, waliozidi tani 2,000 wapunguze asilimia 10. Mishipi mirefu, yaani kamba ndefu zenye ndoana nyingi, iliyozidi tani 5,000, asilimia 10. Zana nyingine zilizozidi kiwango hicho, asilimia 5.

Jumla ya samaki waliovuliwa haikushuka. Iliendelea kuzidi tani 400,000 kwa mwaka, na katika baadhi ya miaka iliyofuata ilivuka ile ya 2014. Sababu zinaeleweka, na zote zilikuwa ndani ya mpango wenyewe.

Kwanza, vizingiti. Nchi iliyokuwa chini ya tani 5,000 haikubanwa, na iliweza kuongeza wakati wengine wanapunguza. Pili, takwimu. Katika bahari hii karibu nusu ya jodari na jamaa zake huvuliwa na vyombo vidogo na vya kati vya nchi za pwani, mara nyingi kwa jarife, na hesabu zao hutegemea makadirio ya mialoni michache. Ukiambiwa upunguze asilimia 10 ya namba usiyoijua vizuri, punguzo lako litakuwa la karatasi. Tatu, haki ya kupinga. Kwa mkataba wa IOTC, nchi mwanachama ikitoa pingamizi ndani ya siku 120 hailazimiki kufuata azimio. Azimio lililofuata la mwaka 2021, lenye masharti makali zaidi, lilipingwa na wavuaji wakubwa kadhaa.

Sababu ya nne ndiyo inayotufunza zaidi. Mpango ulibana jodari wa mapezi ya njano lakini haukubana sehewa kwa nguvu ile ile. Nahodha mwenye mgawo mdogo wa mapezi ya njano akaogopa makundi huru, kwa sababu mzungusho mmoja unaweza kumaliza mgawo wa wiki nyingi. Akarudi kwenye chelezo, ambako sehemu kubwa ni sehewa asiyehesabiwa kwenye mgawo ule. Kanuni iliyokusudiwa kumlinda jodari ikawasukuma wavuvi kwenye njia inayokamata watoto wake. Sehewa naye alikuwa na kikomo chake cha tani 470,029 kwa mwaka kwa kipindi cha 2018 hadi 2020, lakini mwaka wa kwanza tu zilivuliwa zaidi ya tani 600,000. Kikomo kilikuwepo, ila hakikuwa kimegawanywa kwa nchi, na mzigo usio na mwenyewe hauna wa kuubeba.

Idadi ya vyelezo vinavyoruhusiwa nayo ilishuka kwa hatua: 550 vinavyofanya kazi kwa meli moja, kisha 425, kisha 350, na kuanzia 2020 vikawa 300. Februari 2023 kikao maalumu cha IOTC kilikutana Mombasa na kupitisha kwa kura kufungwa kwa uvuvi wa vyelezo vinavyoelea kwa siku 72 kila mwaka. Pingamizi zikafuata, nyingi kiasi kwamba azimio likapoteza nguvu kwa wote. Waliolipinga walisema ushahidi wa kisayansi wa siku hizo haukutosha. Waliolitetea, wengi wao nchi za pwani, walisema wanaofaidika na vyelezo hawawezi kuwa wasemaji wa mwisho. Kwa maoni yetu upande wa pili ulikuwa na hoja nzito zaidi. Hata hivyo nchi kadhaa za pwani zilikuwa kimya mno kuhusu majarife yao wenyewe.

Majarife hayo yanastahili aya yake. Ni nyavu zinazoning'inia majini usiku kucha na kunasa chochote chenye kichwa kinachoingia katika tundu: jodari, nduwaro, papa, kasa, pomboo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kuwa nyangumi wadogo na pomboo milioni 4.1 waliuawa na majarife ya jodari katika Bahari ya Hindi kati ya 1950 na 2018. Majarife yanayozidi kilomita 2.5 yamepigwa marufuku katika eneo lote la IOTC tangu 2022, lakini kuyasimamia baharini ni kazi nyingine.

Taarifa ya 2024 inasema nini, na haisemi nini

Tathmini ya 2021 ilikuwa imekadiria kuwa bahari hii ingeweza kutoa takriban tani 349,000 za mapezi ya njano kwa mwaka bila kuharibu akiba, yaani wingi wa samaki waliomo baharini. Ile ya 2024 ikakadiria tani 421,000, na ikaona akiba iko juu ya kiwango kinachotakiwa. Samaki hawakuongezeka ghafla kwa kiasi hicho. Kilichobadilika kwa sehemu kubwa ni kipimo: faharasa mpya ya wingi inayotokana na samaki wanaopatikana kwa kila ndoana za mishipi mirefu, pamoja na marekebisho ya data na makadirio mengine ndani ya modeli.

Wapo waliosema kumbe hofu yote ilikuwa bure. Hatukubaliani nao. Modeli ya 2015 na ya 2021 zilitumia data iliyokuwepo, na mnunuzi aliyejizuia alifanya uamuzi sahihi kwa alichokijua. Wapo pia wanaosema taarifa mpya ni mchezo wa namba. Hilo nalo halina msingi, kwa kuwa faharasa ilifanyiwa kazi waziwazi na kamati. Lililo dhahiri ni kwamba samaki wanaovuliwa ni takriban tani 400,000 na uwezo unaokadiriwa ni 421,000. Nafasi iliyobaki ni nyembamba, na upande wa data ya majarife bado ni dhaifu. Wachanga bado wanachotwa chini ya vyelezo, na wa macho makubwa bado yumo katika mchoto ule ule.

Oda moja, ofa tatu

Tuchukue jiko linalohitaji jodari kwa saladi, kwa kuchoma, na kwa mchuzi. Limepokea ofa tatu, zote zikiwa na neno "jodari" na zote zikitoka Bahari ya Hindi. Ni mfano, lakini kila kipengele chake ni cha kawaida sokoni.

Ofa ya kwanza ni kopo. Mbele limeandikwa jodari mwepesi, nyuma Katsuwonus pelamis, na pembeni kuna nembo ya pomboo. Hakuna zana iliyotajwa. Kopo kwa kawaida ndiyo bidhaa inayosema machache zaidi: hata sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2013, inayodai eneo la uvuvi na zana kwenye samaki mbichi na waliogandishwa, haiwabani wenye makopo kwa namna hiyo. Nembo ya pomboo ndiyo inayopoteza watu wengi. Ilizaliwa kwa tatizo la Pasifiki ya mashariki, ambako jodari wakubwa huogelea chini ya pomboo na meli zilikuwa zikiwazungushia wote pamoja. Katika Bahari ya Hindi meli za kuzungushia hazitegemei pomboo kwa namna ile, kwa hiyo nembo hiyo haisemi lolote kuhusu vyelezo, jodari wachanga au papa.

Jiko lifanye nini? Limuulize muuzaji kama samaki alitoka kwenye chelezo au kundi huru. Jibu likiwa kimya au "nyavu za kuzungushia" basi, hesabu kuwa ni chelezo. Lipo chaguo bora katika bahari hii hii: sehewa wa Maldives anayevuliwa kwa ufito na mshipi. Nchi hiyo haitumii nyavu kuvua jodari, na uvuvi wake wa sehewa ulipata cheti cha Marine Stewardship Council, shirika linaloweka viwango vya uvuvi endelevu, mwaka 2012. Si mkamilifu. Unahitaji chambo hai, samaki wadogo wanaochotwa miambani, na katika mapipa yake hutokea pia jodari wachanga wa mapezi ya njano. Lakini papa na kasa karibu hawaguswi, na samaki wanakuja mmoja mmoja badala ya tani kwa tani. Ukinunua kopo la aina hii, hakikisha maneno "ufito na mshipi" yamefuatwa na jina la nchi au bahari. Maneno yale peke yake yameshaonekana kwenye bidhaa zisizoweza kuyathibitisha.

Cheti nacho kina mipaka yake. Marine Stewardship Council hailithibitishi kampuni wala bahari, inathibitisha kipande: aina fulani, zana fulani, meli fulani, eneo fulani. Meli inaweza kuwa na cheti cha sehewa huku mapezi ya njano iliyowatoa katika wavu ule ule hawana. Ukiona nembo, tafuta namba ya mnyororo wa usambazaji inayoanza na MSC-C, kisha soma katika tovuti yao aina iliyotajwa. Ikiwa cheti ni cha sehewa na ofa ni ya mapezi ya njano, cheti hakihusiki.

Ofa ya pili ni minofu iliyogandishwa ya Thunnus albacares, eneo la FAO namba 51, yaani magharibi ya Bahari ya Hindi (namba 57 ni mashariki), iliyovuliwa kwa mishipi mirefu. Kwa ukubwa, ofa hii ni nzuri: mishipi mirefu hunasa zaidi samaki waliokomaa. Tatizo liko pembeni. Papa hunasa kwa wingi, kasa pia, na kusini ya latitudo 25 ndege wa baharini hufuata chambo wakazama nacho. Kanuni huko inataka meli itumie njia za kuwakinga, kama vile kamba za kutisha ndege, kutega usiku, na vizito kwenye mishipi. Kanuni ya IOTC inadai waangalizi kwa asilimia 5 tu ya shughuli, na meli nyingi hukabidhi samaki wao kwa meli za mizigo katikati ya bahari, kwa hiyo minofu inaweza kufika bandarini bila chombo kilichoivua kuonekana pwani.

Hapa karatasi ndizo zinazoamua. Muuzaji atoe jina la meli na namba yake ya IMO (namba ya kimataifa ya kuitambulisha meli) yenye tarakimu saba, tarehe za safari, na hati ya kukabidhi mzigo baharini kama ulikabidhiwa huko. Orodha ya meli zilizoruhusiwa na IOTC iko wazi kwa umma, na orodha ya meli za uvuvi haramu iko wazi vilevile. Kuzipitia huchukua dakika chache. Angalia mambo mawili ambayo watu huyaruka: kama kibali kilikuwa hai katika tarehe za safari, si leo tu, na kama bendera iliyo kwenye hati ndiyo iliyo kwenye orodha. Halafu piga hesabu ya uzito. Kichwa, mifupa, ngozi na nyama nyeusi vikitoka, minofu huwa karibu nusu ya samaki mzima au zaidi kidogo. Hati ya tani 20 za samaki wazima haiwezi kuzaa tani 15 za minofu. Ikizaa, kuna samaki walioingizwa mlango wa nyuma.

Ofa ya tatu ni samaki mzima, mbichi, kilo 30 na zaidi, aliyevuliwa kwa mshipi wa mkono na chombo kidogo cha pwani. Kwa vigezo vyetu vinne ndiye bora: amekomaa, zana haikukamata kingine, na fedha zinabaki karibu na bahari ilikotoka. Lakini ana udhaifu wake, na wanaompigia debe huusahau. Chombo hakina namba ya IMO, mara nyingi hakina kitabu cha kumbukumbu, na katika mwalo mmoja samaki wa mshipi na wa jarife hulala kwenye turubai moja. Bei ya wa mshipi ikiwa juu, jarife hujiita mshipi.

Mwili wa samaki husaidia kutofautisha. Aliyevuliwa kwa mshipi ana tundu la ndoana mdomoni au kwenye shavu. Wa jarife ana alama za nyuzi kuzunguka kichwa, nyuma ya matamvua au mwanzo wa mapezi, magamba yamekwanguka katika mistari, na nyama yake mara nyingi imelegea kwa sababu alikufa majini saa nyingi kabla ya kupandishwa. Rangi nyekundu ya nyama si ushahidi wa lolote, maana inaweza kutengenezwa kwa gesi au dawa.

Udhaifu wa pili ni barafu. Jodari aliyeachwa kwenye joto hutengeneza histamini, sumu isiyoondolewa kwa kupika, kugandisha wala kutia kwenye kopo, na isiyo na harufu ya kuaminika. Mnunuzi adai barafu uzito sawa na samaki, kilo kwa kilo, tangu chomboni, matumbo na matamvua yaondolewe mapema, na kipimajoto kinachochomekwa hadi karibu na uti wa mgongo kisizidi nyuzi 4 wakati wa kupokea. Samaki aliyevuliwa vizuri kisha akatupwa jalalani hakuokoa bahari yoyote.

Kilichochaguliwa na jinsi ya kukiandika

Kwa kuchoma, ofa ya tatu inachukuliwa, kwa sharti kwamba mnunuzi ashughulike na kundi la wavuvi linalojulikana, apokee mwaloni au kwa mtu wake, na aandike kila samaki: tarehe, chombo, uzito, alama ya ndoana ipo au haipo. Kwa saladi, kopo la ofa ya kwanza linakataliwa na nafasi yake kuchukuliwa na sehewa wa ufito. Bajeti isiporuhusu, kubali nyavu za kuzungushia kwa masharti: sehewa pekee, kundi huru au uvuvi wenye cheti kinachotaja aina hiyo. Minofu ya ofa ya pili inaingia kwenye mchuzi ikiwa karatasi zote zimekuja na meli ina mwangalizi au kamera. Karatasi moja ikikosekana, mzigo unarudi. Wauzaji huzoea haraka wakishajua kuwa hakuna mjadala.

Kwa anayenunua makopo ya mapezi ya njano kwa wingi, kuna lugha ambayo viwanda vinaielewa bila maelezo: daraja la ukubwa. Samaki wa viwandani hugawanywa kwa uzito, na "kilo 10 na zaidi" ni daraja la kawaida la jodari huyu. Ukiliandika kwenye mkataba, umewaondoa karibu wachanga wote wa vyelezo bila kutaja chelezo hata mara moja, na pia umepunguza uwezekano wa kuuziwa wachanga wa macho makubwa kwa jina la ndugu yao. Kilo 10 bado si samaki aliyekomaa, huo ukweli ubaki. Ila ni mpaka unaoweza kukaguliwa kwenye mizani ya kiwanda, wakati ahadi ya "uvuvi rafiki wa bahari" haikaguliki popote.

Mkataba uwe na tarehe ya kurudiwa. Kamati ya kisayansi ya IOTC hukutana kila mwaka, kwa kawaida kuelekea Desemba, na muhtasari wa kila aina hutolewa kwa umma baada ya kikao. Masharti ya zana, ukubwa na karatasi yabaki hata hali ya akiba ikipanda. Kinachopaswa kusogea kwa tathmini mpya ni kiasi: jiko lililopunguza oda ya mapezi ya njano mwaka 2021 linaweza kuirudisha sasa, na lipange mapema itapunguzwa kwa tani ngapi tathmini ijayo ikishusha tena ile namba ya 421,000.